Mizinga Sita Ambayo Droni Haikuiona

Risala ya Kikundi cha Wafuga Nyuki Subira, kijiji cha Kisisila, siku ya uzinduzi wa droni ya pili ya ulinzi

Mgeni rasmi, Kamanda uliyetufikia leo na vumbi letu likiwa bado mabegani mwako, mheshimiwa diwani, mkuu wetu wa kituo cha polisi, mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, shikamooni, na ninyi wenzetu mliosimama juani kwa kuwa viti vimewatosha wageni tu:

MAKARIBISHO

Karibu Kisisila. Tunajua ulituona kabla sisi hatujakuona. Tangu saa mbili asubuhi droni ilikuwa juu yetu ikikuandalia usalama. Tumefagia uwanja, tumepanga viti na kugombania turubai chini ya jicho lake, kwa hiyo hatuna la kukuficha. Kama umeona mzee akimkimbiza kuku nyuma ya zahanati, mzee huyo ni mwenyekiti wetu, Naftali, na kuku ndiye chakula chako cha mchana.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza mwaka 2011 kikiwa na wanachama tisa. Leo tuko thelathini na mmoja, na tunatundika mizinga upande wetu wa msitu wa Mgori. Kuna desturi moja lazima tukueleze, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kwetu mwenye mzinga hasemi ulipo. Hamwambii jirani, wala kaka yake, wala padri kwenye kitubio, kwa kuwa si dhambi. Kila safari hupita njia nyingine ili majani yasilale yakawa kinjia. Akizeeka humwambia mtu mmoja tu. Ng'ombe hulala zizini, nyumba ina mlango, lakini mzinga uko porini peke yake. Kutojulikana ndiko kufuli lake.

Marehemu Ezekieli alikuwa mmoja wa wale tisa. Alipougua, chumba kilijaa ndugu waliokuja kumwona, na hakuna aliyetaka kutoka. Basi akamwita mkewe, mwenzetu Evodia, akamshika mkono kama mtu anayeaga, akamchorea kiganjani kwa ukucha: korongo, kichuguu, mninga uliopigwa radi. Mizinga ishirini na mitatu. Ndugu waliinamisha vichwa wakidhani wawili hao wanasali.

Kwa miaka sita Evodia ameishi kwa mizinga hiyo na kusomesha watoto wawili. Alikuwa akitoka nyumbani na jembe begani, kama mtu anayekwenda kupalilia. Anselm, mdogo wake marehemu, alizoea kumtania kisimani:

"Shemeji, jembe lako halichakai? Mwaka wa ngapi huu linapalilia msitu?"

"Linapalilia polepole, shemeji," naye alijibu, na kujitwisha ndoo yake.

MAFANIKIO

Droni ya kwanza ililetwa mwaka jana. Watoto waliibatiza jina la Nyigu, na wakubwa wakafuata. Hatutaki kuonekana watu wa kulalamika tu, kwa hiyo tunaanza na mema. Ng'ombe kumi na mmoja wa Mzee Chediel walioibwa mwezi wa tatu walionekana kutoka juu, wakarudishwa siku hiyohiyo wote wazima. Mzee Chediel yuko hapa, na Nyigu akipita humvulia kofia.

Nyigu pia aligundua mkusanyiko wa watu kumi na wawili korongoni wasio na kibali. Walipozingirwa walikutwa ni kwaya ya usharika, waliojificha kufanya mazoezi ya wimbo mpya ili kwaya ya jirani isiuibe. Wimbo huo sasa unajulikana na askari wote wa kituo, na wanauimba vizuri.

Aidha, kaya nyingi zimeezeka bafu zao. Bwana afya alilihimiza jambo hilo kwa miaka kumi bila mafanikio. Nyigu alilimaliza kwa wiki mbili.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Tulikuwa tumeandika saba, lakini sita ni za barabara na maji, na hizo umezisikia kila unakokwenda.

Tarehe mbili Julai mwaka huu kituo kiliitisha mkutano ili wananchi waielewe droni. Runinga kubwa iliwekwa barazani kwenye ofisi ya kijiji, jenereta ikawashwa, na Afande Derick, kijana mwenye adabu zake, akamrusha Nyigu. Tulikuwa watu kama mia nne. Evodia alikaa mstari wa pili. Alifurahi kama sisi wote alipoona paa la kanisa, kisha kisima, kisha shamba lake mwenyewe likiwa dogo kama kitambaa cha mkononi. Halafu Nyigu akaingia upande wa msitu. Evodia akaona korongo. Akaona kichuguu. Akafumba kiganja.

"Mnaona pale mtini?" afande alisema. "Ule ni mzinga. Kwa mashine hii hakuna kinachojificha."

"Sogeza karibu!" watu wakapiga kelele.

Akasogeza. Akauwekea alama nyekundu na namba moja. Akaupata wa pili, akauwekea namba mbili. Watu wakaanza kuhesabu naye kwa sauti, kama wanavyohesabu penalti, na simu zikainuliwa kupiga picha runinga.

"Ya nani hiyo?"

"Unauliza? Angalia korongo hilo linatokezea shamba la nani!"

Anselm aligeuka kutoka mstari wa mbele. "Shemeji," alisema kwa upole kabisa, "kumbe ndiko jembe linakopalilia!"

Tulicheka sana, mgeni rasmi. Hatuna sababu ya kukuficha hilo, maana nalo limerekodiwa. Evodia naye alicheka, kwa kuwa kutocheka kungekuwa ni kujibu.

Ilipofika namba kumi na saba, kifaa kililia. Betri ilikuwa imekwisha, Nyigu akarudi, watu wakazomea. Tunaomba kumbukumbu zionyeshe kwamba betri ile ndiyo mlinzi pekee aliyekuwa kazini siku hiyo.

Tarehe kumi na kumi na moja Julai mizinga yote kumi na saba ilirinwa asali na wezi. Mitano ilichomwa moto na nyuki wakiwa ndani. Ile sita isiyo na namba haikuguswa. Sasa, siku hizo mbili Nyigu alikuwa juu ya msitu tangu asubuhi, sote tulimsikia. Kwa hesabu yetu, huu ni wizi wa kwanza Kisisila kufanyika mbele ya polisi. Evodia alipolitambua hilo, moyo ulimtulia kidogo. Akavaa kitenge kizuri, akaenda kituoni.

Mkuu wa kituo alisimama akampa kiti chake mwenyewe. Tunamshukuru kwa hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuangalia picha za tarehe kumi na kumi na moja."

"Hizo ni siri, mama."

"Za tarehe mbili mlizitolea runinga nje."

"Zile zilikuwa za elimu kwa umma. Hizi ni za kazi."

"Msitu ni uleule, mwanangu."

"Ni uleule, mama, sikatai. Lakini nikikuonyesha wewe watu waliopita msituni, nitakuwa nimeingilia faragha yao."

Mgeni rasmi, neno faragha lilikuwa geni kwa wengi wetu. Liliingia Kisisila siku ile, na limeanza kuwahudumia wezi. Tunasubiri litufikie na sisi.

Evodia aliambiwa aandike barua. Aliandika tatu. Ya tatu ilijibiwa kwa fomu ya kurasa mbili, aijaze ili jalada lifunguliwe. Alijaza jina, umri, dini na thamani ya mali. Kipengele cha tisa kilimtaka achore ramani ya mali iliyosalia, kwa ajili ya ulinzi wake. Alikaa mbele ya kipengele hicho kwa muda mrefu. Kisha akakiacha wazi, na fomu ikarudishwa kwa kuwa haijakamilika. Iko kwake mpaka leo.

Siku fomu iliporudishwa, alipokuwa akitoka getini mwa kituo, Afande Derick alimfuata akiwa ameshika kofia mkononi. "Mama, mimi nilidhani ninawafurahisha," alisema.

"Ulitufurahisha, mwanangu," Evodia alimjibu. "Hata mimi nilifurahi, mpaka ulipofika kwenye kichuguu."

Hatumlaumu kijana huyu. Ndiye peke yake aliyeomba radhi, na hakutumwa.

MAOMBI

Hatuombi droni iondoke. Mzee Chediel asingetusamehe, na wewe umekuja kutuletea ya pili.

Tunaomba ikija upande wa makazi tutangaziwe siku, kama tunavyotangaziwa chanjo. Tunaomba kinachoonwa kutoka juu kisianikwe barazani, na tuambiwe picha zetu zinakaa wapi, nani anazitazama, na zinafutwa lini. Tuliwahi kuuliza, tukajibiwa kwamba tusiwe na wasiwasi. Tumejitahidi.

Tunaomba kipengele cha tisa kiondolewe kwenye fomu.

Ombi kubwa ni la tarehe kumi na kumi na moja Julai. Evodia haombi tena kuzitazama picha hizo. Anaomba afisa mmoja kutoka kwako, aliyekula kiapo, ajifungie chumbani azitazame peke yake mpaka mwisho, halafu afanye anachoamriwa na sheria. Hapo faragha ya kila mtu itakuwa imelindwa. Sisi hatumtaji mtu. Ni kweli tangu Julai kuna wenzetu wameanza kuuza asali barabarani ambao hatukuwahi kujua kama wana mzinga, na tunawapongeza kwa bidii. Huenda walinunua mahali. Sisi tunaishi pamoja, tunazikana, tumeoleana, na ni vigumu kwetu kuuliza. Kamera haina shemeji.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mbele yako kuna ndoo ya asali, lita tano. Ni zawadi ya kikundi, nayo imetoka kwenye ile mizinga sita ambayo betri iliiokoa.

Mizinga hiyo haipo tena pale. Mwezi uliopita kituo kilitangaza, msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, kwamba Nyigu anapelekwa mjini kwa matengenezo ya siku nne, tuwe waangalifu. Tulikuwa waangalifu. Siku ya tano aliporudi, ile miti ilikuwa mitupu. Mizinga ilikwendaje, na sasa iko wapi, kikundi hakijui. Katika kikao kilichopitisha risala hii tulipiga kura tusiulize, na kura zote zilikubali, hata ya Anselm, ambaye tulikuwa tunamtazama.

Basi ukionja utamu wake, Kamanda, nawe usiulize. Ukiulizwa nyumbani imetoka wapi, sema Kisisila. Inatosha.

Mungu akurudishe salama kwako, akuonyeshe yanayopasa kuonwa na mtu wa cheo chako, na mengine ayafunike kama alivyoyafunika siku zote kabla ya betri kugunduliwa. Awabariki askari wetu, na Afande Derick kwa jina lake. Awabariki nyuki, ambao wamehama mara moja na hawana nguvu ya kuhama tena.

Ni sisi, Kikundi cha Wafuga Nyuki Subira, Kisisila.

Imeandikwa na kusomwa mbele yako na katibu wa kikundi, Evodia Bonifasi, mjane wa Ezekieli.