Masire Timite, Aliyengoja Kuulizwa

Ndugu, wakwe na majirani wa Bighu, marehemu Masire Timite alizaliwa Jenne, mwezi wa Rajabu mwaka 803 wa Hijria, mtoto wa tatu wa Bukari Timite, muuza chumvi. Mama yake alisema alichelewa hata kuzaliwa, na waliomjua hawakushangaa.

Alisoma Kurani hukohuko Jenne kwa mwalimu Sanogo, aliyewausia vijana waliokwenda kufanya biashara kusini: “Uzeni, swalini, kaeni na watu vizuri. Asiyeuliza habari za dini msimsumbue. Mungu ndiye ajuaye lini atauliza.” Wenzake waliushika wosia huo kwa kiasi. Masire aliushika mpaka akatuchosha.

Mwaka 824 alianza safari, akileta chumvi huku kusini kwa punda na kurudi na dhahabu na njugu za kola. Katika kila mji alipokelewa na Waislamu wenzake waliotangulia kuhamia miji ya njiani, akala, akalala, na mzigo wake ukalindwa.

Mwaka 829 alimwoa Dufie, binti wa mfua shaba wa hapa Bighu. Kaka wa Dufie, Jako, akajiunga na msafara, lakini kwa kuwa hakuwa wa dini, alilala nje na punda.

“Shemeji, niingize kwenye hiyo dini yenu, mbu wananimaliza!”

“Unauliza habari za Mungu au za mkeka?”

“Za mkeka.”

“Basi kalale.”

Jako alilala nje misimu miwili zaidi ndipo akauliza inavyotakiwa. Leo yuko safu ya mbele, na bado ana kinyongo.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Masire aliwafundisha watoto sala, Dufie akisikiliza nyuma ya pazia huku akitwanga viazi vikuu polepole ili asipitwe na neno. Kwa watu wake, mke hajiingizi kwenye ibada ya mume, hualikwa. Akangoja kualikwa. Mume naye akangoja kuulizwa. Ramadhani moja Dufie alifunga kimyakimya, akitumaini ataonekana. Masire aliona kweli, akamletea dawa ya tumbo. Dufie aliimwaga uani kwa hasira, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Muharamu mwaka huu, pepo za vumbi zilipoanza, Masire alishikwa na kifua na homa. Leo alfajiri, tarehe 9 Safar 861, alimwambia Jako kwa shida, “Natamani Dufie angekuwa mmoja wetu. Lakini hajauliza.”

“Muulize wewe, mwanamume!”

“Mwalimu alikataza.”

Jako alitoka mbio hadi jikoni akifoka. Dufie alikuja na unga mikononi, akamkuta bado anapumua, macho ameyafumba. Akainama, akaitamka shahada sikioni mwake, yote, bila kukosea.

“Umenisikia? Ningekubali siku ile ile ya harusi, we mzee! Siku ile ile!”

Hakufumbua macho. Muda mfupi baadaye pumzi ilikatika. Tunaudhika naye, na tunampenda, na hatujui tuanze na lipi.

Ameacha mwanawe Lasina, binti yake Nyele, shemeji yake Jako, na mjane wake Dufie, Mwislamu, aliyesimama nasi leo kumswalia mumewe.

Mungu ampokee Masire kwa upole. Na kama hakusikia, amwambie.