Sungusungu wa Tumboni mwa Kija

Kijiwe cha Mirongo kiko mbele ya banda la Mashimba, fundi redio aliyebandikwa jina la Profesa kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Benchi moja la mbao, birika la kahawa, na watu wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Jumamosi hiyo Obedi alikaa ukingoni mwa benchi, akimega kashata bila kuila. Bintiye Kija, wa miaka minane, alikuwa amekutwa na ugonjwa wa seliaki: ngano inamchubua utumbo, asiiguse maisha yake yote. Lakini mtoto alililia chapati kama wenzake, kijiwe kikamfundisha baba dawa ya kumzoesha ngano, na Obedi, Mungu amsamehe, alikuwa akimpa tangu Jumatano bila mkewe Ng'washi kujua.

— Hebu rudia alivyosema daktari, alisema Profesa.

— Kasema tumboni mna vijidudu hai, mabilioni, Obedi alijibu. Vipo vizuri, vipo vikorofi. Kwa wenye seliaki mara nyingi mchanganyiko wake umevurugika. Ila kama vyenyewe ndivyo vinaleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unavivuruga, wataalamu bado wanatafuta.

— Wanatafuta nini na mimi nipo? Sikiliza. Mwili una sungusungu wake wa ulinzi. Ngano ikipita, inapigwa yowe, sungusungu wanatoka na marungu. Badala ya kumshika mgeni, wanabomoa nyumba ya mwenyeji. Sasa hivyo vijidudu ndio majirani. Wazuri wanatuliza, wakorofi wanachochea.

Obedi aliafiki kimoyomoyo. Hata daktari alieleza karibu hivyohivyo. Shida ya Profesa ni kwamba hashuki kituoni pale ukweli unaposhukia.

— Kwa hiyo wewe endelea kumletea majirani wazuri, kama nilivyokufundisha Jumatano. Mtindi wa kibuyu asubuhi, na kipande cha chapati juu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kipande cha nini? alidakia Masele, mpasua samaki wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, wanayemwita Kocha. Ngano ni mgeni huku Usukumani. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto ale kutwa siku tatu, ya nne tumbo limeshazoea.

— Methali haikutumwa huko, Kocha, alisema Profesa.

— Lakini imefika.

Nkwabi, mbeba mizigo ambaye hula chapati nane akiwa bado anauliza chakula kiko wapi, alishusha kikombe. Jina lake la kijiweni ni Tanki.

— Mnahangaika na mtindi wakati vijidudu vya uhakika ninavyo mimi. Tumbo hili halijakataa kitu tangu nizaliwe. Achukue vyangu, ampandikizie mtoto.

— Vinatolewaje? aliuliza Kocha.

Tanki alijipapasa tumbo.

— Hapo ndipo wataalamu wanatafuta.

Benchi zima likaangua kicheko. Obedi naye alicheka, kisha akaendelea kumega kashata.

Atieno, mama kutoka Shirati aliyekuwa akisubiri redio yake itengenezwe, aliingilia kati.

— Samahanini, kaka zangu. Tangu aanze hiyo dawa yenu, mtoto anaendeleaje?

Profesa alizikodolea macho nyaya za redio. Siku nne walikuwa wametibu, na hakuna aliyewahi kumuulizia mgonjwa.

— Si anaendelea vizuri, Obedi? Profesa aliuliza, taratibu.

— Anaharisha tangu juzi. Tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Obedi aliiweka kashata benchini, akaendelea. Ng'washi anadhani ni maji. Siku ya pili leo anachemsha kila ndoo inayoingia ndani, anachuja, anasali, na mimi namtazama tu.

Hakuna aliyetafuta methali. Obedi akasimama, akajipangusa makombo.

— Unakwenda wapi? aliuliza Profesa.

— Kuungama.

— Padri leo yuko Bujora.

— Simwendei padri, alisema Obedi. Namwendea Ng'washi.