Minazi ya Gazi na Mkutano wa Mawakili

Benchi lile la Msambweni, lililo mbele ya duka la mshona nguo, si benchi la kukaliwa ovyo. Lilitoka barazani kwa mudiri, mtawala na mwamuzi wa mji, mwaka ule serikali ilipoleta viti vipya, na waliolikalia wakiwa washtakiwa ni wengi kuliko waliolikalia wakinywa kahawa. Ndiyo maana hata leo mtu akikaa pale huanza kujitetea kabla hajaulizwa. Anayebisha na aende akakae. Jumanne hiyo ya mwaka hamsini na sita, baada ya sala ya alasiri, walikuwapo wanne: Mzee Mwinga muuza kahawa, na dele lake juu ya makaa, Mbwana Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea, Alfani Kifungu, aliyefagia ofisi ya wakili mmoja Mombasa kwa miaka minne, akatoka na sheria zote kichwani, isipokuwa zile zilizokuwa rafu ya juu, na Suleiman Shauri, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya shauri lake. Kwa karibu miaka minne alikuwa akidai minazi ishirini na saba ya Gazi, aliyoachiwa na mamake, marehemu Mwanafatuma. Abdalla, mtoto wa mjomba wake, alisema minazi ni ya babake. Shauri lilikuwa limeahirishwa mara sita bila kusikizwa hata neno moja. Mara ya saba lilikuwa lisikizwe Alhamisi. Na sasa Suleiman alikuwa ameshika barua, akiipiga kwa kiganja.

— Someni wenyewe! Karani wa wakili aniandikia ati Alhamisi hakuna korti. Wakili wangu anakwenda Nairobi, na wakili wa Abdalla pia. Hakimu amekubali kungoja mpaka Alhamisi ya pili. Kisa ni nini? Mkutano wa mwaka wa chama cha mawakili!

— Ah, mkutano wa mwaka, akasema Kifungu, akinyoosha miguu. Huo naujua mimi.

— Waujua wapi nawe, ulikuwa wafagia? akauliza Redio.

— Mwenye kufagia ndiye abakiye chumbani watu wakisema, yakhe. Kwanza huomboleza waliokufa. Kisha husomewa mambo ya mwaka uliopita, nani alikubaliwa, nani alifukuzwa. Kisha humchagua mkubwa wao. Na mwaka huu chama chao kimetimiza miaka saba. Mwaka wa saba si mchezo.

— Una nini mwaka wa saba? akauliza Suleiman.

Kifungu akanywa kahawa taratibu, kama mtu anayelipwa kwa funda.

— Mwaka wa saba hupunguza mashauri. Makabati yamejaa, bwana. Kila shauri lililopita miaka minne hutiwa kiberiti.

Suleiman akaikunjua barua tena, akatafuta tarehe. Shauri lake lilikuwa litimize minne mwezi wa Safar, na mwezi wa Safar ulikuwa umebakiza siku tisa kuandama.

— Uongo huo, akadakia Redio, na Suleiman akapumua, lakini si kwa muda mrefu. Hawachomi. Hugawana! Mmewaona wavuvi wa Gazi wanavyogawana samaki mchangani, fungu hili lako, fungu hili langu? Basi ni vivyo hivyo. Mashauri yote hurundikwa katikati ya zulia, kila wakili achukua alipendalo. Waweza kurudi kortini, Suleiman, ukamkuta wakili wako amekaa upande wa Abdalla, na wewe umepewa mgeni wa Kisumu asiyejua hata mnazi ni mti gani.

— Astaghafirullahi!

— Wallahi vile.

Mzee Mwinga, ambaye kwa kawaida husema neno moja kwa kila dele, aliweka finjani chini.

— Nyote hamjui. Huyaoza.

— Huoza nini, Mzee?

— Mashauri. Huoza hili kwa lile, kama mke na mume, yakawa moja, wapate kumaliza mapema. Palikuwa na bwana wa Lungalunga, alishtakiwa kwa mbuzi. Shauri lake likaozwa kwa shauri la mpaka wa shamba huko Vanga. Hukumu ilipotoka, akaambiwa ampe jirani yake mbuzi nusu, upande wa mashariki.

— Akatoa?

— Angefanya nini? Alitoa kwato mbili na sikio.

Wakacheka, ila Suleiman hakucheka. Alikuwa akiiona minazi ishirini na saba ikiozwa kwa baiskeli ya mtu wa Kinondo. Akasimama.

— Basi sikubali! Nitakwenda Nairobi mwenyewe. Nitaingia kwenye mkutano wao na kanzu yangu hii, nisimame katikati ya hilo zulia, niwaambie: shauri langu lisikizwe Alhamisi hii, kama lilivyopangwa. Siku moja sizidishi!

— Peke yako watakutoa, akasema Kifungu. Chama husikiliza chama. Tukiwa chama, lazima watupokee. Hicho ni kifungu cha kumi na nne.

— Cha sheria gani?

— Cha kumi na nne, nimesema.

Ndivyo kilivyozaliwa chama cha benchi, na naapa hakuna chama Pwani nzima kilichowahi kuwa na ari kama ile. Kifungu alikuwa mwenyekiti kabla hajachaguliwa. Redio akatwaa upande wa nyuma wa barua ya karani, akatoa penseli sikioni.

— Tuanze, akasema Kifungu. La kwanza, kusoma mambo ya mkutano wa mwaka jana.

— Mwaka jana hatukukutana, akasema Mzee Mwinga.

— Andika: uliahirishwa.

— La pili, walioaga dunia.

— Hakuna.

— Andika: bado.

— La tatu, ujumbe wa Nairobi. Suleiman, sema maneno yako tuyatie wino.

— Andika hivi: Sisi wa Msambweni tumechoka kuahirishwa. Minazi ni ya mamangu. Hakimu yuko tayari, shahidi ni mimi, niko tayari. Kwa nini tungoje?

— Maneno mazito hayo, akasema Redio, akilamba ncha ya penseli.

Hapo akatokea Nzai, mkwezi wa minazi, kamba begani na panga kiunoni, anatoka Gazi kazini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kaa, unywe kahawa. Tuna mkutano.

Nzai akakaa pembeni, akasomewa ujumbe wote mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa heshima.

— Ni ile minazi ya marehemu bi Mwanafatuma? Naijua. Mimi hukwea shamba la ubavuni mwake. Kule mashina yote yana alama za kisu, kila mwenye mnazi na yake. Kuna ya mikato mitatu, kuna ya duara, kuna ya kama jicho. Juzi nilimwona Abdalla akizunguka na daftari, anaandika shina moja moja.

Akapuliza kahawa yake.

— Ami Suleiman, alama ya mamako ni ipi?

Suleiman akafungua kinywa. Alijua namba ya shauri. Alijua tarehe zote sita lilipoahirishwa, na kila siku ilikuwa mvua au jua. Jina la karani, la tarishi, la mlinzi wa mlango wa korti, yote alikuwa nayo. Akatafuta alama, asiione. Tangu mamake azikwe hakuwahi kukanyaga lile shamba. Aliona si vizuri kukanyaga kabla ya hukumu.

— Hilo ni la wakili, akasema Kifungu, sauti imepungua.

— Wakili amefika Gazi? akauliza Nzai.

Redio akalitazama dele. Mzee Mwinga akayachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Suleiman alikuwa akihesabu vidoleni: Jumatano, Alhamisi. Keshokutwa tu, lau si mkutano wa mawakili, hakimu angemuuliza swali lile lile, na Abdalla amekaa na daftari lake pajani. Kisha akakumbuka kwamba Gazi bado yuko mamake mdogo, Mwanapili, aliyekuwa akishika taa ya chemni siku marehemu alipogawiwa minazi na babake, alama zikikatwa. Akavaa kofia, akaikunja kanzu kiunoni.

— Unakwenda Nairobi sasa hivi? akauliza Redio. Ngoja basi tutie sahihi!

— Nakwenda Gazi. Nitalala kwa Mwanapili, na kesho alfajiri nitashika kila shina kwa mkono wangu.

— Na ujumbe wetu kwa mawakili?

Suleiman alikuwa amekwisha kuvuka njia. Aligeuka mara moja tu.

— Waandikieni! Waambieni chama chao ni chema sana, wajadili vizuri, wachague mkubwa kwa utulivu, na wala wasiharakishe!