Venetta Lofgreen na Picha Niliyoikata Mimi

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, saa kumi alasiri, Dada Venetta Lofgreen atavua aproni yake ya buluu na kuitundika kwa mara ya mwisho katika duka la Ukurasa Mweupe, hapa Cedar Bench, Utah. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na saba, miezi tisa na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "karibu miaka thelathini", akanirudisha mezani nikarekebishe, kwa sababu Venetta na neno "karibu" hawapatani hata kidogo.

Kwa desturi ya duka letu, wasifu wa mstaafu huandikwa na mtu aliyekaa naye kazini muda mrefu kuliko wengine. Mtu huyo ni mimi, Kalene Orme, meneja wenu. Nitayasema mema yake, na ni mengi. Lakini pia kuna jambo moja katika historia yake ya kazi ambalo limeelezwa kinyume kwa miaka ishirini na moja, nami nataka kulinyoosha angali hapa, mbele ya watu walewale waliomdhania vibaya. Wale mliokuja kwa ajili ya keki, naomba mnivumilie.

Venetta aliajiriwa Septemba 1996 na mwanzilishi wa duka, Dada Rhea Stapley, wakati ambapo bonde zima lilikuwa limeshikwa na homa ya albamu. Hapakuwa na nyumba isiyo na meza iliyojaa karatasi, gundi, riboni na picha za watoto. Venetta alikuja kuomba kazi akiwa amebeba albamu kumi na moja za familia yake ndani ya kikapu cha nguo. Rhea alifungua moja, akafunga, akamuuliza kama anaweza kuanza siku hiyohiyo.

Zilipoingia mashine ndogo za mkono za kukatia maumbo, zile za kuweka nyumbani, Venetta ndiye aliyetufundisha sote. Unaweka chuma chenye umbo unalotaka juu ya karatasi, unakibana katikati ya mabamba mawili, unazungusha mpini, na upande wa pili linatoka jani, nyota au herufi, safi kabisa. Sisi tulikuwa tunazungusha kwa nguvu za kukamua ng'ombe. Yeye alitumia vidole viwili tu, na kazi yake ilitoka bila mkwaruzo.

Alikuwa pia fundi wa mashine za wateja, bila kuombwa na yeyote. Dada mmoja, ambaye leo yumo humu ukumbini na sitamtaja, aliipitishia mashine yake vipande vya jibini ili watoto wapate nyota za kuweka kwenye mkate. Venetta aliisafisha kwa mswaki mchana kutwa. Alipomrudishia, alimwambia kwa upole kwamba nyota zilikuwa nzuri, ila safari nyingine ajaribu kisu.

Na kadi zake, jamani. Katika droo ya pili kulia mwa kaunta zilikuwapo daima kadi kumi na mbili za rambirambi, tayari, kwa kuwa alisema msiba haumpi mtu nafasi ya kukausha gundi. Vijana wote wa kata yetu ya kanisa walioondoka kwenda misheni waliondoka na kadi yake mfukoni. Askofu aliwahi kukiri kwamba hotuba yake moja ya mazishi aliinakili kutoka ndani ya kadi ya Venetta, neno kwa neno, na watu wakamsifu yeye.

Sasa nifike kwenye picha.

Lazima mkumbuke tulivyokuwa enzi zile. Tulikuwa tunakata picha zenyewe. Si nakala, picha zenyewe, na nyingi hazikuwa na ndugu yake duniani. Tulizikata mioyo, mayai, maputo, tukabandika uso wa mtoto na kutupa kilichobaki pembeni. Tuliona ni maridadi. Leo nikifungua albamu za wakati ule nasikia aibu, maana vitu tulivyotupa ndivyo ambavyo tungependa kuvitazama sasa: jikoni kwa mama, gari la zamani, mkono wa mtu ambaye hatumjui tena.

Venetta peke yake hakukurupuka. Aliweka sharti kwamba hakuna picha halisi itakayoingia kwenye mashine mpaka mwenyewe ataje jina la kila mtu aliyemo, akianzia kwenye kingo. Anza pembeni, alikuwa akisema, hao wa katikati hawapotei. Wateja walimtania kwamba anaita mahudhurio. Yeye alingoja tu, kidole kikiwa juu ya picha, mpaka jina la mwisho litajwe.

Mei 2003 nilikuwa na wiki saba tu hapa dukani. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Sikukuu ya Mama, na foleni ya wanaotaka kadi ilikuwa imefika mlangoni. Katika trei ya kazi ambazo wateja huacha wakatiwe palikuwa na picha ya Dada Ione Bagley na kikaratasi: umbo la yai, kwa ukurasa wa Shaylee. Shaylee ni binti yake, pale amepigwa picha siku aliyobatizwa, ana miaka minane, nywele zimelowa. Ione aliiacha bila wasiwasi, kwa sababu alijua Venetta atampigia simu kuuliza majina, kama siku zote. Isitoshe, walikuwa marafiki wa chanda na pete, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa waridi tu.

Kazi ile haikuwa na haraka yoyote. Niliifanya kwa sababu nilitaka kuonekana hodari. Venetta alikuwa akihudumia foleni, mimi nikachukua picha, nikazungusha mpini, Shaylee akatoka ndani ya yai zuri. Vilivyobaki nikavisukumia kwenye pipa. Sikumpigia mtu simu, na sikutazama kingo.

Pembeni alikuwapo Garth, mume wa Ione. Alikuwa amesimama na taulo la mwanawe begani, anacheka. Garth ndiye aliyekuwa mpiga picha wa familia, kwa hiyo hakuwa akionekana kwenye picha yoyote. Siku ile shemeji yake alimnyang'anya kamera kwa utani. Januari iliyofuata ubatizo, miaka kadhaa kabla sijaigusa picha ile, Garth alifariki ghafla. Filamu ilikuwa imeoza tangu maji yalipoingia chumba chao cha chini. Ile ndiyo picha pekee yake iliyokuwa imebaki.

Ione alikuja kuichukua Jumatatu mchana. Alilitazama yai, akaligeuza nyuma, akauliza kilichobaki kiko wapi. Gari la taka lilikuwa limepita asubuhi. Rhea alitoka ofisini kwa sababu ya ukimya, si kwa sababu ya kelele, akauliza, "Nani aliyekata hii?" Na kwa uso wake kila mtu alielewa kwamba aliyekata hatalala akiwa na kazi.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mume wangu alikuwa bado chuoni, mimi nina mimba ya miezi mitano, na neno halikutoka. Venetta aliyaona yote hayo kwa mtazamo mmoja, akasema, "Mimi hapa."

Ione hakupiga kelele. Alimtazama Venetta, akaliweka lile yai kwenye mkoba, akaondoka. Alasiri ile Venetta alivaa buti za mumewe, Delwin, akaenda kwenye jalala la wilaya kuchokoa taka kwa fimbo. Alirudi mikono mitupu, magoti yamechafuka.

Rhea hakuweza kumfukuza mfanyakazi wake bora, basi akamnyang'anya darasa la albamu la kila Alhamisi, ambalo Venetta alilianzisha mwenyewe. Mwaka uliofuata nilipewa mimi. Kutoka darasani nikapanda hadi umeneja. Mnaonisifu kwa miaka yangu ya ualimu, jueni nilikalia kiti cha nani.

Lakini darasa si kitu. Ione hakuzungumza naye tena. Kanisani alihamia mabenchi ya upande wa pili. Ua wa waridi aliuacha ukue mpaka ukazidi vichwa. Delwin alipofariki, miaka minne iliyopita, Ione alileta bakuli la viazi vya kuoka, kwa kuwa hakuna mtu bondeni asiyepeleka viazi msibani, ila alimpa binti yake alifikishe, na hapakuwa na kadi. Venetta, aliyewaandikia watu wote kadi, alilipekua lile bakuli hadi chini ya kitambaa. Nilikuwa naye jikoni, nilimwona. Hata siku hiyo sikusema.

Mtaniuliza mbona Venetta mwenyewe hakumwambia rafiki yake kwa siri. Nami nilimuuliza, wiki tatu zilizopita, nilipomwendea hatimaye na kumwambia kwamba nataka kuliweka wazi. Alikuwa anafuta rola za mashine. Alisema Ione hana siri, angemfikia Rhea kabla hajavua koti. Kisha akageukia rola ya pili.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Wiki ya kwanza nilijua utasema mambo yakipoa. Wiki ya pili pia. Baadaye nikaona husemi, na nilikuwa nimeshakupenda, basi nikaacha kungoja."

Hakulisema kwa hasira. Ningefurahi kama angelisema kwa hasira. Mtoto niliyekuwa nimembeba tumboni siku ile amemaliza chuo cha miaka miwili mwezi uliopita, na kadi yake ya pongezi aliitengeneza Venetta.

Nilijaribu siku kumi na nne nzima kujisukuma mpaka mlangoni kwa Ione. Jumatatu hii nilikwenda. Ione alikuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba. Ana miaka sabini na nane sasa, mgongo bado umenyooka. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama kwenye majani yaliyolowa. Alifunga bomba, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuviringisha mpira wa maji taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Miaka yote hiyo unanipimia karatasi, unaniuliza hali," akasema. Nikamjibu ndiyo.

Aliuweka mpira chini. Halafu akasema, si kwangu hasa: "Mimi nilidhani alimtazama Garth wangu akamwona takataka. Hilo ndilo lililoniuma. Picha ningemsamehe."

Nikamwambia kwamba Venetta hakuiona kabisa ile picha kabla haijakatwa. Kama angeiona, angeanzia pembeni, na jina la kwanza kuuliza lingekuwa la Garth. Ione alifunika uso kwa mikono yenye udongo. Aliniambia niondoke, nami niliondoka.

Jumanne jioni, Venetta anasimulia, kulikuwa na kelele za matawi kuvunjika uani. Alipochungulia, Ione alikuwa katikati ya waridi na mkasi mkubwa wa bustani, mikono imechubuka, anajikatia njia. Venetta alikwenda kuchukua wake. Walikata mpaka wakakutana. Walichosemezana sikijui, wala sina haki ya kukijua. Najua tu kwamba asubuhi ya Jumatano Venetta alifika kazini amechelewa dakika arobaini, mara yake ya kwanza tangu 1996, macho yamevimba.

Hapo hadithi hii ingekuwa nzuri, nami ningepata pa kupumzikia. Lakini nyumba ya Venetta imeshauzwa. Aliiuza mwezi wa nne, kwa sababu, kama alivyoniambia wakati ule, hapakuwa na mtu wa kumshikilia hapa. Binti yake Janessa amemtayarishia chumba kule Pocatello, Idaho. Lori linakuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Kama ningesema Machi, asingeuza. Ningesema mwaka juzi, wangekula pamoja mwaka juzi. Nimelihesabu jambo hili kila namna, na kila namna jibu linanirudia mimi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ukurasa Mweupe, na wateja wake wa miaka ishirini na saba, nakushukuru, Dada Venetta, kwa mikono yako, kwa subira yako, na kwa kila jina ulilotulazimisha kulitaja. Darasa la Alhamisi, kuanzia wiki ijayo, litaitwa kwa jina lako, na ukutani pataandikwa nani aliyelianzisha. Nenda salama Pocatello. Mungu akupe afya, majirani wema na baridi isiyo kali.

Ulistahili miaka ishirini na moja na rafiki yako. Mimi nimekurudishia siku nne.