Kilo Sitini na Nne za Ratili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza ndugu yetu, mimi ni dada yake mkubwa, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na tangu jana mjomba wetu amekuwa akinifuata chumba hadi chumba akinisihi nisome nakala aliyoisafisha yeye, inayosema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi na kupewa matibabu yote yaliyowezekana. Nakala hiyo ninayo mkobani, nayo itabaki humo humo, kwa sababu marehemu hakuugua kwa muda mfupi, na aliyeandika hivyo anajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1979 na kuimaliza mwaka 1985, kisha akasoma sekondari kuanzia 1986 hadi Novemba 1989, ambako aliwashinda wote katika hesabu na akafeli karibu kila somo lililobaki, bila kuona haya hata kidogo.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kwenye ghala la nafaka kama karani wa mizani, akakaa miaka kumi na mitano katika kile kibanda cha mabati chenye dirisha moja, na huko ndiko alikopewa jina la Ratili, kile kipimo cha uzito cha zamani, maana gunia likipungua robo kilo hakuwa na simile, lilirudi lilikotoka, liwe la mkulima mnyonge au la mkubwa aliyeshuka kwenye gari la kifahari, na wapo hapa waliowahi kumwita roho mbaya kwa ajili hiyo, ninawaona, leo wanalia kuliko wafiwa.

Tarehe 18 Novemba 1995 alifunga ndoa na fundi cherehani, mjane tuliye naye hapa, wakajaliwa binti, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1997 na ambaye sasa ni mwalimu, na kijana, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2001 na ambaye ni fundi baiskeli.

Tarehe 9 Juni 2007, saa nne asubuhi, rundo la magunia ya mahindi lililopangwa ovyo ovyo na watu waliotaka kuwahi chai lilimporomokea, likamvunja uti wa mgongo, akalazwa miezi saba, akarudi nyumbani Januari 2008 akiwa hana nguvu wala hisia kuanzia kifuani kwenda chini, amekalia kiti cha magurudumu, ana mpira wa mkojo, na mkononi ana kadi ya kliniki.

Kadi hiyo ni hii hapa. Tarehe 21 Januari 2008 uzito wake uliandikwa kilo sitini na nne, na namba hiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu hospitali iliyomruhusu ilimpima akiwa amelala, lakini mkifungua kurasa zinazofuata mtakuta kilo sitini na nne mwaka 2009, kilo sitini na nne mwaka 2012, kilo sitini na nne hadi mwaka 2019, kwa kuwa kliniki yetu ina mizani moja tu, ile ya kupanda na kusimama, na asiyeweza kusimama hunakiliwa namba ya mwaka uliopita, kazi imekwisha, mwingine aingie. Miaka kumi na mmoja, miandiko ya watu wanne, kalamu za rangi tatu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni binadamu gani huyu asiyepungua wala kuongezeka, wakati kitambi chake kilikuwa kimeshafika mapajani, kinaonekana na kila mwenye macho.

Na sisi ndugu tusijitoe. Tulipokwenda kumwona tulibeba soda, keki na biskuti, tukamsifu kwamba amenawiri, kwamba afya imerudi, ilhali chini ya shuka miguu ilikuwa imebaki mifupa, na mjomba, huyo huyo wa nakala safi, alikuwa akisema mbele yake kwamba sasa amepata kisingizio cha uvivu, kwa vile alisinzia katikati ya mazungumzo. Mfuko wa mkojo ulikuwa ukijaa mara mbili kuliko zamani, kliniki ikamwambia apunguze kunywa maji. Ndevu ziliacha kuota, kliniki ikasema ni umri, naye alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Tarehe 12 Aprili 2016 mfupa wa paja ulivunjika alipokuwa akihamishwa tu kutoka kitandani kwenda kitini, wakamfunga plasta, wakamrudisha nyumbani.

Mwezi Mei 2019 alikuja kliniki mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mgeni ambaye bado hakuwa amefundishwa na wenzake kutouliza maswali, akakaa na marehemu kwenye benchi la korido na kumweleza mambo ambayo ilikuwa haki yake kuambiwa siku ya kwanza, kwamba uti ukikatika misuli ya chini husinyaa, na misuli ndiyo inayotumia sukari, kwa hiyo sukari hubaki kwenye damu na mafuta hushika nafasi, hasa tumboni, kwamba homoni ya kiume nayo inaweza kushuka, ikashuka pamoja na nguvu, ndevu, hamu na uimara wa mifupa, na kwamba hata lile jedwali la uzito na urefu lililobandikwa ukutani haliwezi kuaminiwa kwa mtu kama yeye, maana limetungwa kwa wanaosimama.

Tarehe 23 Mei 2019 marehemu alijisukuma hadi ghalani, akapanda na kiti chake kwenye mizani ya magunia, karani aliyemrithi akasoma kilo mia moja na mbili, wakapima kiti peke yake, kilo kumi na saba, Ratili akatoa hesabu kichwani kabla ya mwenzake kushika kalamu, kilo themanini na tano. Akaipeleka karatasi ile kliniki ikiwa na mhuri wa ghala. Mganga mfawidhi aliitazama, akacheka, akasema hayo ni mambo ya mahindi, mzee, si ya tiba, na marehemu akamjibu kwamba ndiyo sababu alikwenda huko, kwa kuwa mahindi hupimwa. Bwana mkubwa huyo akamshauri awe anatembea kidogo jioni ili apunguze mwili. Ndiyo, mmesikia vizuri, atembee.

Yule binti wa mazoezi alimdunga kidole siku hiyo hiyo koridoni, sukari ikasoma kumi na tisa, ilhali kumi na moja tu inatosha kumshtua daktari, akamwandikia barua ya kwenda kwa bingwa wa homoni, na tarehe 8 Januari 2020 majibu yalionyesha kwamba homoni yake ya kiume ilikuwa chini kupita kiasi, na kwa maneno ya bingwa mwenyewe, haikushuka jana.

Mjane ameniruhusu niseme linalofuata, na mjomba akitaka kutoka nje, njia ni nyeupe. Kwa miaka kumi na miwili wifi yangu aliamini kwamba mumewe alimchoka, wanawake wa mtaani wakamnong'oneza aondoke, mimi nikiwa mmoja wao, na mume naye aliamini kwamba amekwisha, akaona aibu kusema, basi wakaishi nyumba moja kila mtu na donge lake. Siku ya majibu yale walilia mpaka bingwa akatoka kuwapisha. Miaka kumi na miwili ya ndoa iliibwa na watu wavivu wa kupima damu, na hilo sitalisamehe.

Alianza dawa, akaacha soda zetu, kijana wake akamfungia pedali za baiskeli mezani azizungushe kwa mikono, akazungusha kila asubuhi huku mkewe akishona kando yake, wakitaniana kama wachumba, na Desemba 2021 ghala lilisoma kilo sabini na nne, lakini sukari ilikuwa imeshaharibu mishipa kwa miaka mingi, kidonda cha makalio kilichofunguka Machi 2022 kikakataa kupona, sumu ikaingia kwenye damu, akafariki tarehe 27 Agosti 2022, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Familia inamshukuru bingwa wa homoni, karani wa ghala, majirani waliombeba kwenye ngazi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na mtaalamu wa mazoezi. Tunaishukuru pia kliniki kwa shada kubwa la maua, na mganga mfawidhi kwa kuketi mstari wa mbele, ambapo ananisikia vizuri.

Ninyi kumi na mmoja mliokuja kwa viti vya magurudumu, jana nilipita kwenu nikasoma kadi zenu, dada wa karibu na mlango ana kilo hamsini na mbili tangu mwaka 2011. Tukitoka makaburini, mtaalamu atakuwa chini ya turubai na kipimo chake cha sukari, na mjane ndiye atakayewaita kwa zamu. Mganga mfawidhi, nawe ubaki, utaandika majibu kwa mkono wako.

Ratili, mdogo wangu, pumzika kwa amani, sisi tuna watu wa kupima.