Kahawa ya Candida

Benchi lililo mbele ya duka la Tarsis, Mtaa wa Sikukuu, lina sheria moja tu: mwenye habari njema ananunulia benchi zima kahawa. Ndiyo maana alasiri ile Bushiri, fundi cherehani, mtu wa Newala, alikuwa ameketi katikati kama bwana harusi, akimwamuru muuza kahawa amimine tena. Binti yake Sitara amepata chuo! Tarsis alikunywa, lakini roho haikutulia. Asubuhi alikuwa amekwenda mwenyewe huko chuoni kuulizia habari za bintiye, Candida, aliyesomea kwao Kilimanjaro, akaambiwa msichana amefaulu vizuri sana, ila safari hii kila mkoa una nafasi zake, na za Kilimanjaro zimejaa. Nyumbani ameshasema. Benchi hajaliambia.

— Nyie mnajua kwa nini serikali inawachanganya hawa watoto vyuoni? aliuliza Kitwana, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Umoja, bwana, alijibu Bushiri. Kwetu wasichana walikuwa wanaishia darasa la saba, basi, kinu na mchi. Sasa na sisi tumo.

— Umoja ni wa juu juu. Ndani kuna mambo. Mmakonde analazwa chumba kimoja na Mhaya, Mhindi na Mkurya. Kwa nini? Ili wakiota ndoto, waote Kiswahili!

Shomari, kuli wa bandarini, jina la kijiweni Winchi, alitikisa kichwa.

— Haya ni mambo ya meli. Shehena yote ukiipanga upande mmoja, meli inalala. Nchi ilikuwa imelalia kaskazini. Sasa wanapanga upya.

— Kwa hiyo mtoto wa mtu ni gunia? Tarsis alisema, kwa ukali ambao hata yeye hakuutegemea.

— Nani kasema gunia?

— Likishushwa hilo la kaskazini, linakwenda wapi? Si linabaki gatini linanyeshewa?

Wakamtazama. Akajifanya anapuliza kahawa.

— Sikiliza, Tarsis, Bushiri alisema taratibu. Kwenu kila kilima kina shule. Sitara kasoma kemia mwaka mzima bila mwalimu. Wakipimwa kwa mizani ileile, wa kwetu watafika lini?

Hilo lilikuwa kweli na Tarsis alilijua. Kila likizo, Sitara akirudi kutoka shuleni kusini, alikuwa anashinda chumba cha nyuma ya duka, Candida akimfundisha hesabu mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Lilikuwa kweli, na liliuma vilevile.

Redio hakupenda baraza kupoa.

— Ngojeni niwape ya ndani kabisa. Hao wakioana hukohuko chuoni, watoto wao hawatakuwa na kabila. Unamwuliza, wewe kabila gani? Anakwambia, Bweni Namba Tatu! Utani utakufa. Mahari italipwa wizarani!

— Wizarani! Winchi alijipiga paja. Na ng'ombe watafungwa wapi, kwenye korido?

— Wanapelekwa kijiji cha ujamaa, wakamuliwe na wote.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Kisha Winchi akamgeukia mwenye duka.

— Sasa Mangi, na wewe toa. Candida kapata, wewe unakaa kimya kwa ubahili tu.

— Huyo ni wa kuuliza? alidakia Redio. Mchaga akose shule? Hata wangechukua mmoja nchi nzima!

Tarsis angeweza kusema palepale. Mdomo ulikwishafunguka. Lakini wote walikuwa wanamtazama wakitabasamu, Bushiri kuliko wote.

— Mimina, alimwambia muuza kahawa. Wote.

Benchi likashangilia. Bushiri akamshika mkono, hamwachii.

— Watakwenda pamoja, ndugu yangu! Mimi usingizi sipati, nawaza mwanangu atakuwa na nani huko.

Tarsis alishika kikombe, lakini hakikwenda mdomoni.

Hapo Sitara akatokea kwenye uchochoro wa nyumba ya Tarsis, kanga begani, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! Redio alimwita. Njoo unywe kahawa ya mwenzio. Candida naye kapata chuo!

Msichana alimtazama Redio, akavitazama vikombe, kisha akamtazama Tarsis.

— Nimetoka kwake sasa hivi. Kajifungia. Kitabu chake cha hesabu kanipitishia dirishani, anasema nikichukue, yeye hana kazi nacho.

Alikuwa amekikumbatia ndani ya kanga.

— Baba Candida, nimwambie nini?

Redio alishusha kikombe chake. Bushiri, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa na jibu la kaskazini na kusini, alikitazama kitabu ndani ya kanga, kisha kikombe mkononi mwake. Tarsis aliona uso wa rafiki yake unavyobadilika, akaelewa kwamba Bushiri sasa anajua kahawa ile ilikuwa ya kuficha nini.

Muuza kahawa alitikisa dele lake, akasema kahawa imekwisha. Tarsis aliweka chini kikombe kikiwa kimejaa, akainuka. Bushiri naye akainuka.

— Unakwenda wapi? Tarsis alimwuliza.

— Kwako.

— Utamwambia Candida nini?

— Sijui, Tarsis. Tangulia.