Hesabu ya Ndege wa Bwawa la Kwamkota

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa masheha, walimu wenzangu, Bi Khairat, na nyinyi majirani mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha kwa wakubwa: asalamu alaykum.

Mimi Ubwa Mcha, mwalimu mstaafu wa bayolojia, nimeficha jambo kwa miaka sita. Ripoti iliyosema bwawa hili halina ndege wa kuhifadhiwa niliiandika mimi, na ni ya uongo. Daktari ameshanieleza moyo wangu umefika wapi. Sitaki kwenda na jambo hili kaburini.

Mmejenga jukwaa la kutazamia ndege, mkaliandika jina langu. Tutazame nini? Nusu ya bwawa mmeifukia kwa kifusi; iliyobaki imejaa chupa za plastiki na pampasi za watoto wenu. Yangeyange mmoja amesimama juu ya tairi, nanyi mnampiga picha! Hamuoni haya?

Wala mimi sikuona. Ndege wa ripoti ile niliwahesabu mwezi wa Julai. Kila niliyemsomesha anajua kwamba ndege wahamao, kama sululu na chekeamwezi, Julai wako kaskazini ya mbali. Kwetu huja Septemba, wakakaa mpaka Aprili. Kuwahesabu Julai ni kama kuhesabu waumini msikitini baada ya watu kutawanyika. Nilijua, na mwezi nikauchagua mwenyewe. Nyumba yangu iko ukingoni hapa, na kila masika nilikuwa nachota maji ukumbini kwa ndoo. Nilitaka bwawa lifukiwe. Likafukiwa, maji yakahamia kwa Bi Sichana na wenzake kule bondeni. Sasa wanachota wao.

Khairat, mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa ameshahesabu Januari ya mwaka uleule: ndege mia nne na kumi na wawili. Kwenye mkutano wa kuijadili ripoti yangu, Bwana Mkadam wa kamati ya ujenzi akamdhihaki: "Bibie, umehesabu na kunguru wa jaani?"

"Kunguru nawajua, Bwana Mkadam. Hata wanaovaa kanzu."

Watu wakaangua kicheko. Mkadam akanigeukia: "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Mtoto huyu anawapenda ndege mpaka anawaota."

Kicheko kikamgeukia yeye. Toka siku hiyo mnamwita Bi Ndoto, na hakuna aliyempa tena kazi ya utafiti.

Nasikia wiki ijayo, rangi ya jukwaa hata haijakauka, malori yanarudi kufukia nusu hii, kwa ripoti ileile. Mheshimiwa, ichaneni! Barua ya kuikana hii hapa, nimeitia saini, na nakala anayo Khairat. Na jina langu lifuteni kwenye ubao huu kabla hamjaondoka.

Nakushukuruni kwa kunivumilia, hata nyinyi mlioanza kununa. Limebaki moja, Khairat, na nalisema mbele ya hawa waliokucheka. Asubuhi ile ya Januari, wewe ukihesabu, mimi nilikuwa dirishani kwangu na darubini. Nilihesabu mara mbili. Nilipata wanne zaidi yako.